Kufunga Safari ya Kujitolea Hospitalini Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Afya Kutoka Nje

Mtu akija hujiandaa sana: chanjo, barua ya chuo, kibali, makoti meupe mawili, boksi la glavu. Wanafunzi wa udaktari, uuguzi na maabara wanaokuja Dodoma kujitolea kutoka Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na hata mbali zaidi hufika wamejipanga vizuri tu. Kuondoka ndiko hakuna anayemfundisha mwenzake. Siku mbili za mwisho unamkuta mtu anazunguka korido akimtafuta mwenye muhuri, chini ya kitanda chake hosteli kuna dawa zilizobaki asizojua ampe nani, na kijijini kuna mama aliyeambiwa "njoo Jumatatu tukuangalie tena", wakati Jumatatu hiyo aliyesema atakuwa kwenye basi la Arusha.

Mimi niko upande wa wanaobaki. Ninayoandika hapa ni yale ambayo sisi wa wodini tungependa mgeni ayajue kabla hajafunga begi, pamoja na namna ya kuutembea mkoa huu katika siku chache zinazosalia. Kwa kila unachokiacha, awe mgonjwa, iwe dawa, picha au ahadi, jiulize: kuanzia kesho, mwenyewe ni nani? Kama hana jina, kazi haijaisha.

Hatua ya 1: Karatasi, wiki mbili kabla

Dodoma ni mji wa vikao. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mganga mfawidhi au katibu wa afya anaweza kuitwa asubuhi na asionekane ofisini hadi kesho yake, na muhuri ukabaki umefungiwa droo. Kwa hiyo usiiachie Ijumaa ya mwisho saini yoyote. Kitabu chako cha mazoezi, fomu ya tathmini na barua ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo, vyote vipite mezani kwa wahusika wiki mbili kabla, hata kama sehemu ya tarehe ya mwisho itaachwa wazi.

Rasimu ya barua iandike mwenyewe, uipeleke imechapwa. Taja idara ulizopitia, tarehe, msimamizi wako na kazi ulizoruhusiwa kufanya. Mkuu atarekebisha na kusaini. Ukimwomba aanze kutunga yeye, utasubiri. Tarehe za barua zipatane na mihuri iliyo kwenye pasi yako.

Tukiwa kwenye pasi: Mkenya au Mganda huingia Tanzania bila kulipia viza, na hapo ndipo wengi hujisahau. Kuingia kutembea ni jambo moja, kujitolea hospitalini ni jingine, na hilo lina kibali chake, kiwe cha shughuli ya muda mfupi au cha ukaazi daraja C. Kama umepanga kutembea baada ya siku ya mwisho kazini, hesabu siku za kibali mpaka siku utakayovuka mpaka, si mpaka siku ya kuaga wodini. Zikiwa hazitoshi, nenda Uhamiaji mapema ukaulize. Mpakani si mahali pa kuanza kujieleza.

Na kama safari yako inaishia kati ya Aprili na Juni, weka nafasi ya kulala na tiketi mapema zaidi. Huo ni msimu wa Bunge la Bajeti. Nyumba za wageni hujaa, na bei nazo hupanda bila haya.

Hatua ya 2: Kusanya "njoo tena" zako zote

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wanafunzi wengi hupita juu juu. Kila ulipomwambia mgonjwa "rudi wiki ijayo", "nitakufuatilia majibu" au "nitamuuliza daktari", ulifungua deni. Keti jioni moja na daftari lako, rejesta ya MTUHA (vitabu vya taarifa za huduma za afya) ya idara uliyokuwepo na mwenzako wa zamu, mkayaandike yote. Mgonjwa mmoja mstari mmoja: namba ya faili, shida, kilichofanyika, kinachosubiriwa, anayebaki naye, na tarehe.

Mstari mzuri husomeka hivi: "Mama, miaka 52, aliyepimwa kwenye kambi ya kijijini. Presha 168/102, imepimwa mara mbili kwa nafasi ya nusu saa. Hajawahi kutumia dawa. Ameandikiwa rufaa kwenda kituo cha afya, hajaenda. Anasema hana nauli hadi auze karanga. Afuatiliwe na mhudumu wa afya wa kitongoji chake kabla ya tarehe 20." Huyo mhudumu umeshaongea naye, na amekubali. Mstari mbaya husomeka: "Wagonjwa wa presha wa kambi waendelee kufuatiliwa." Waendelee kufuatiliwa na nani?

Angalia ile habari ya karanga. Usipoiandika, atakayempokea atadhani mama ni mkaidi, amgombeze, na mama asirudi kabisa. Unapokabidhi mgonjwa, kabidhi na sababu zake. Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia takriban Desemba hadi Aprili, na fedha za kaya hufuata shamba na mifugo. Miadi ya kliniki iliyopangwa katikati ya palizi ni miadi ya kwenye karatasi tu.

Kagua pia vipimo visivyorudi. Vipande vya nyama ya mgonjwa vilivyopelekwa kuchunguzwa vinaweza kuchukua wiki nyingi, na mara nyingi kwenye fomu umeandika namba yako ya simu, ile laini ya Tanzania utakayoichomoa ukishavuka Namanga. Majibu yatakuja, simu itaita bure. Pita maabara ukabadilishe, iwekwe namba ya wodi au ya daktari anayebaki.

Makabidhiano yenyewe yafanywe kitandani, mgonjwa akisikia. Msimamishe anayepokea mbele ya mgonjwa, useme: "Mama, mimi naondoka Ijumaa. Sista huyu ndiye atakayekuwa na wewe." Dakika mbili zinatosha. Kwa wagonjwa waliokaa muda mrefu, watoto wa wodi ya lishe kwa mfano, au kama ulikuwa hospitali ya Mirembe kwa wagonjwa wa afya ya akili, anza kuwaambia wiki moja kabla na uwakumbushe. Mgonjwa wa akili aliyekuzoea akiamka akute haupo na hakuna aliyemweleza, tunaobaki ndio tunaokaa naye usiku huo.

Kama ulipewa akaunti kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, mwombe mtu wa TEHAMA aifunge siku ya mwisho. Usimwachie mwenzako nenosiri eti limsaidie. Dawa ikiandikwa kwa jina lako mwezi ujao, jina litakalotafutwa ni lako.

Hatua ya 3: Dawa na vifaa vilivyobaki

Usigawe dawa siku ya mwisho. Najua moyo unavyokuwa: boksi limejaa, watu wana shida, na kurudi nazo ni mzigo. Lakini dawa aliyopewa mtu mlangoni, bila faili na bila maelezo, ni dawa ambayo kesho mjukuu wake ataikuta chini ya mto. Zipeleke kwa mfamasia wa kituo, mzihesabu pamoja, aandike jina, nguvu, idadi na tarehe ya kuisha, wote wawili msaini. Atakazozikataa ana sababu: huenda hazijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zimebakiza muda mfupi, au karatasi ya maelezo iko kwa lugha ambayo hakuna wodini anayeisoma. Usinung'unike. Zilizokwisha muda muulize utaratibu wa kuziteketeza. Chooni na jalalani si mahali pake.

Vifaa navyo vina maswali yake. Mashine ya sukari isiyopatikana vijiti vyake hapa mjini itafanya kazi wiki mbili, kisha itakaa kabatini. Kabla ya kuiacha, nenda duka la dawa uulize kama vijiti vya aina hiyo vipo na vinauzwaje. Mashine ya presha iache na betri, chaja na mkanda wa mkono mnene, kwa maana mkanda mmoja mdogo hutoa vipimo vya uongo kwa watu wanene. Iandikwe kwenye daftari la vifaa vya kituo, siyo "tumempa dada wa OPD", yaani wa wagonjwa wa nje.

Makoti, stetoskopu na vitabu, mpe umtakaye. Hivyo ni vyako.

Hatua ya 4: Safisha simu

Fungua picha zako kabla hujaondoka hospitalini, siyo ukiwa kwenye basi. Picha ya faili, ya rejesta, ya filamu ya eksirei yenye jina, ya kidonda kinachoonyesha uso: futa. Kisha ingia kwenye sehemu ya zilizofutwa karibuni ukafute tena, na uangalie hifadhi ya mtandaoni ambako simu hujipelekea picha yenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi.

Picha ya kumbukumbu piga na wafanyakazi wenzako, nje, chini ya mwarobaini, wakikubali. Ile ya mgeni aliyembeba mtoto mgonjwa, mtoto kamasi zikimtoka na mgeni akitabasamu, iache. Mama yake alikubali kwa sababu ulikuwa umevaa koti jeupe, na mbele ya koti jeupe ni wachache wanaokataa. Ukitaka kujua kama picha inafaa, fikiria ni mdogo wako aliyepigwa hivyo huko kwenu na mtu asiyemjua.

Takwimu ulizokusanya kwa ajili ya ripoti ya chuo ziondoke bila majina wala namba za faili, na msimamizi wako abaki na nakala. Kama ni utafiti hasa, kibali chake kilipaswa kuwepo kabla hujauliza swali la kwanza. Sampuli za damu au makohozi hazivuki mpaka kwenye begi la mtu, kwa sababu yoyote ile. Ukishaaga, toka pia kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Mle ndani kuna mambo ya wagonjwa ambayo hayakuhusu tena.

Hatua ya 5: Kama ulijichoma, sema leo

Kuna mwanafunzi hujichoma sindano wiki ya mwisho akanyamaza ili asiharibu safari. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Kama utaondoka katikati, omba dozi zote zilizobaki na barua inayoeleza tukio, siku na saa, na hali ya mgonjwa kama inajulikana. Pamoja na hilo, angalia chanjo yako ya homa ya ini aina ya B kama ilikamilika.

Hatua ya 6: Kuaga

Wengi huniuliza waandae sherehe gani. Jibu ni chai ya saa nne. Kreti mbili za soda, maandazi, sambusa, karanga za kukaanga, na kila mtu aliye zamu anapita kwa dakika kumi bila wodi kubaki tupu. Sherehe ya jioni ukumbini humwacha nje aliye zamu, na mara nyingi hao ndio waliokufundisha usiku.

Waalike wahudumu wa usafi, mlinzi wa geti, mama wa kantini, fundi wa oksijeni. Wakati wa neno la shukrani anza na mganga mfawidhi na wakubwa, ndiyo itifaki, lakini usimalizie hapo. Na shikamoo usizibanie. Ndugu zetu wa Kenya hufika huku na "habari yako" kwa kila mtu. Mzee wa usafi mwenye umri wa baba yako huwa hasemi kitu, ila anaona. Siku ya kuaga mtangulie: "Shikamoo baba." Uso wake utakueleza kama ulichelewa.

Nyumba iliyokupokea, usiende mikono mitupu na usiende na bahasha. Sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni, na kwa mama wa nyumba khanga au kitenge. Khanga isome kabla ya kuilipia. Mgeni huchagua rangi, mwenye nyumba husoma maneno, na kuna khanga zilizoandikwa kwa ajili ya jirani mwenye wivu, si kwa mtu aliyekulisha mwezi mzima.

Nawe utapewa. Kuku hai, debe la ubuyu, karanga za shambani, mayai kwenye kikapu. Usikatae kwa kuhurumia. Kukataa zawadi ya mtu asiye na kingi ni kumwambia hana. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, kuku mrudishe jikoni mwa nyumba unayolala aliwe na wote. Kwa mgonjwa aliye bado chini ya huduma yako ni tofauti: mweleze kwa upole, na mjulishe sista wa zamu.

Ahadi zipime. "Nitakulipia ada", "nitakuletea mashine", "mwakani nakuja" ni maneno ya dakika ya kupanda gari, na huku watu huyatunza. Kama una nia, anza na mkubwa wa kituo, kwa maandishi, ukiwa umeshafika kwenu na akili imetulia. Ukiulizwa papo hapo, "Mungu akipenda tutaonana" inatosha, na hakuna atakayekudai.

Hatua ya 7: Siku zako za kutembea

Jipe angalau siku mbili kamili ambazo huna zamu wala karatasi. Watu husema Dodoma hakuna cha kuona, wakimbilie Zanzibar. Waache waende.

Anza na tumbo. Mjini utapata wali na chipsi kama popote, na nyama choma ya mbuzi iko vizuri kwenye mnada wa Msalato, lakini chakula cha nchi hii ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Usiutafute hotelini, mwombe mwenyeji wako. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu ya nafaka iliyokauka juani. Mlenda unaweza kuwa wa majani mabichi wakati wa mvua, au uliokaushwa na kutwangwa kwa ajili ya kiangazi, ukaungwa karanga. Finya tonge dogo, libonyeze katikati kwa dole gumba, chota, kisha zungusha mkono ili uzi wa mlenda ukatike kabla haujafika kidevuni. Mara ya kwanza hautakatika. Watoto watacheka, na wewe cheka, halafu muulize bibi anaukataje. Atakuonyesha kwa kiganja kimoja bila hata kuangalia. Maziwa ya mgando yakija, uliza kama yalichemshwa. Hilo si dharau, wewe ni mtu wa afya na bruselosi, homa itokanayo na maziwa mabichi na mifugo, unaijua.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika utaziona kandokando ya barabara kwenye ndoo na visado. Mashamba yapo Hombolo, Mpunguzi, Makutupora. Mwenye shamba akikukaribisha utaona jinsi mizabibu inavyopogolewa. Mvinyo nao upo, kama nyumba uliyofikia wanatumia.

Ngoma za Wagogo usizione kwenye video peke yake. Muheme hupigwa na wanawake: ngoma imebanwa kati ya mapaja, mikono inapiga, na mabega yanafanya kazi yake tofauti kabisa. Kuna nindo, nyimbo za sauti nyingi zinazopishana, kuna zeze, na kuna marimba kubwa ambazo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizifikisha majukwaa ya dunia. Chamwino, mashariki mwa mji, kuna kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Kigogo ambalo kwa kawaida huangukia Julai. Ukiwa hapa mwezi huo, panga siku zako kulizunguka. Nje ya msimu huo, muulize mwenzako wa wodini kama kijijini kwao kuna harusi au jando, au nenda kanisani Jumapili ukasikilize kwaya zinavyoimba Kigogo na kayamba. Ukiingizwa kwenye duara, ingia. Ukipewa ngoma, usikimbilie simu. Chamwino hiyo hiyo ndiko iliko Ikulu, kwa hiyo kamera yako ielekee kwenye ngoma na si kwenye ukuta wala askari.

Jifunze "mbukwa", na "mbukwenyi" wakiwa wengi. Mzee akisalimiwa hivyo na mtoto wa Kisumu, mazungumzo yanafunguka yenyewe. Mzaha wa Wagogo na ombaomba, ambao utausikia kila kona ya nchi, waachie watani wao. Wewe si mtani, na njaa iliyouzaa mzaha huo watu wa rika la bibi yako waliiona kwa macho.

Kisha Kolo. Kama unarudi Kenya, barabara ya lami ya Dodoma–Kondoa–Babati–Arusha inakupitisha hapo hapo, kwa hiyo lala Kondoa usiku mmoja badala ya kuipita usingizini ndani ya basi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni zaidi ya mapango 150 yaliyotapakaa kwenye miinuko inayotazama nyika ya Wamasai: pofu na twiga wa rangi nyekundu, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, na juu yake michoro myeupe ya zama za baadaye. Pita ofisi ya michoro kijijini Kolo ulipie na upewe mwongozaji. Njia ya kuelekea Mongomi, moja ya mapango hayo, inataka gari lililonyanyuka na viatu vya kufunga, na kipande cha mwisho ni kupanda kwa miguu.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi vya kutosha: Mongomi bado panatumika. Wenyeji hupanda kuomba mvua na uponyaji. Ukikuta dalili za tambiko usizishike, usizipige picha bila ruhusa, na usiguse mwamba uliochorwa. Zamani wageni walimwagia maji michoro ili rangi ing'ae, na maji hayo yameila. Kwa mwanafunzi wa tiba pana jingine la kuwaza pale juu: huenda baadhi ya wagonjwa uliowauliza "mbona umechelewa kuja hospitali" walianzia mahali kama hapa. Mwulize mwongozaji watu huja na maradhi gani, usikilize bila kukunja uso. Huenda ukajifunza namna ya kuuliza historia ya mgonjwa kuliko ulivyojifunza wodini.

Ukiwa na siku moja tu, chagua Kolo au ngoma; usijaribu vyote. Kama unarudi kwa njia ya Burundi au Rwanda, barabara yako inapita Singida, ambako maziwa ya Singidani na Kindai yako mjini kabisa na mafuta ya alizeti ni mazuri.

Hatua ya 8: Mizigo na njia

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya walitangulia 2017, hivyo funga vitu kwenye kitambaa au kikapu. Ubuyu, asali iliyofungwa vizuri na karanga za kukaanga husafiri salama. Zabibu hazifiki. Mbegu na mazao mabichi huweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea mpakani. Pembe, ngozi, makucha na manyoya ya wanyamapori usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Anayeondokea Dar es Salaam ana treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024; nunua tiketi mapema, ukiwa na namba ya pasi mkononi. Mabasi ya mikoani huondokea stendi kuu ya Nzuguni, mbali kidogo na katikati ya mji, kwa hiyo mwendesha bajaji wa alfajiri mpange usiku. Toa fedha zako zote kwenye laini ya simu kabla ya mpaka, na wodini waachie namba yako ya nyumbani.

Hatua ya 9: Ukishafika kwenu

Malaria Dodoma ni kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa au pwani, lakini huenda ulipita kote huko. Kama ulikuwa unameza dawa ya kinga, usiache siku ya kufika: doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kutoka eneo la malaria, atovakwoni na proguanili siku saba. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, nenda ukapime siku hiyo hiyo na utaje ulikokuwa. Anayeishi Nairobi au Nyeri asijidanganye kwamba kwa kuwa ni Mwafrika damu yake imezoea.

Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari kuhusu maziwa na mifugo. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, mwambie ulikaa wodi gani. Hata bila kikohozi, kama ulihudumia wagonjwa wa kifua kikuu, omba kipimo baada ya wiki nane hadi kumi. Uliyeogelea bwawani, pima kichocho, ila usikimbilie wiki ya kwanza: mayai huchukua muda kuonekana, na kipimo cha mapema kinaweza kutoka safi wakati minyoo ipo. Subiri miezi miwili hadi mitatu. Aliyejichoma sindano arudie kipimo cha VVU takriban wiki ya sita na mwezi wa tatu, na asikubali kuambiwa na rafiki kwamba cha kwanza kinatosha.

Ripoti yako ya chuo, ile yenye mambo uliyoyaona yanakwenda vibaya kwetu, itume Dodoma kabla ya kuiwasilisha. Mpe msimamizi wako wiki moja aisome. Atakuonyesha mahali ulipoelewa nusu, na pengine ataichukua aende nayo kikaoni.